Gundi ya kufunga jeraha inapobebeshwa kazi ya kuua bakteria

Mwaka 1957 Elek na Conen, watafiti wa Uingereza, walichapisha jaribio ambalo kila anayeshughulika na vidonda vya upasuaji anapaswa kulijua. Waliwadunga watu waliojitolea bakteria wa Staphylococcus kwenye ngozi, wakahesabu ni wangapi wanaohitajika mpaka mahali pale patunge usaha. Ilihitajika milioni kadhaa. Kisha wakapitisha uzi wa hariri wenye bakteria hao hao kwenye ngozi, na safari hii mia chache tu walitosha. Uzi haukuwa na sumu yoyote. Ulikuwa kitu kigeni chenye nafasi za kujificha ambazo chembe nyeupe za damu haziwezi kuingia.

Hoja yote ya gundi ya upasuaji inaanzia hapo. Sindano inatoboa tundu kila upande wa jeraha, na uzi unapita katika matundu hayo kama utambi, kutoka ngozi ya nje iliyojaa vijidudu hadi ndani. Gundi haitoboi. Inakaa juu au katikati ya kingo, inaziba, na hakuna kitu cha kuja kutolewa baada ya wiki. Lakini gundi nayo ni kitu kigeni. Bakteria waliokwisha kuingia wakati jeraha liko wazi wanabaki chini yake, na ikiwa inafyonza maji na kuvimba inaweza kuwapa makao mazuri kuliko uzi. Ndiyo maana watu wanaitaka gundi ishike na iue kwa pamoja.

Ugumu wake si kupata dawa ya kuua bakteria. Dawa ziko tele. Ugumu ni kwamba vikundi vya kikemia vinavyoshika ngozi mara nyingi ndivyo vilevile vinavyoua bakteria, au vinavyoungana na dawa inayoua. Kinachotumika upande mmoja kimepungua upande wa pili. Mchanganyiko mwingi unaofeli umefeli kwa sababu hesabu hii haikufanywa mapema, na nitaifanya hapa kwa namba.

Kwanza sianoakrilati

Mkemia Harry Coover alikutana na sianoakrilati, kemikali inayotengenezewa gundi kali ya papo hapo, mwaka 1942 katika kampuni ya Kodak, akaitupa kwa kuwa ilinata kwenye kila kitu. Iliingia sokoni mwaka 1958. Ile ya oktili, yenye mnyororo wa kaboni 8, iliidhinishwa Marekani kwa kufunga ngozi mwaka 1998. Urefu wa mnyororo ndio unaotenganisha gundi ya hospitali na gundi ya kubandikia vikombe. Methili na ethili huvunjika haraka zikaachia fomaldehaidi na sianoaseteti kwa wingi kuliko tishu inavyoweza kuvumilia, na hugeuka kuwa ganda gumu linalopasuka. Butili, yenye kaboni 4, inavumilika lakini bado ni kavu na hukatika kwenye ngozi inayojikunja. Oktili ikiongezewa kilainishi hufuata mwendo wa ngozi na kubanduka yenyewe baada ya siku 7 hadi 10 hivi.

Sianoakrilati hukaa chupani kama monoma, yaani molekuli moja moja ambazo hazijaungana, ikingoja kitu chochote chenye elektroni za kutoa kiianzishe: maji, au kikundi cha amino, ambacho kina nitrojeni. Sasa angalia dawa unazotamani kuweka. Jentamaisini ina amino kadhaa. Klorheksidini imejaa nitrojeni. Peptidi (vipande vifupi vya protini) zinazoua bakteria ni amino tupu. Ukichanganya yoyote kati ya hizo na monoma, unaweza kukuta chupa imeganda kabla hujaifunga. Wengine hujibu kwa kuongeza asidi ya kuzuia, kama dioksidi ya salfa, na chupa inatulia kweli. Lakini ngozi yenyewe ina asidi kidogo, pH karibu 5, na gundi iliyozuiwa kupita kiasi inabaki majimaji juu ya jeraha, inatiririka, inaingia kati ya kingo. Hilo ni kosa baya kuliko lile la kwanza, kwa kuwa ganda la sianoakrilati likikaa katikati ya kingo linazizuia zisikutane na kupona.

Njia inayofanya kazi ni kuchagua dawa isiyo na amino na inayoyeyuka katika monoma, mfano triklosani, au kuiweka dawa mbali na gundi: kwenye sponji ya ncha ya kupakia au kwenye kitambaa cha wavu kinachotangulia kuwekwa kwenye ngozi. Hapo monoma inakutana na dawa kwenye ngozi, mahali ambapo unataka igande. Bado kuna kikwazo cha pili. Polima, yaani minyororo ya monoma zilizoungana, ikishaganda haipendi maji, na dawa iliyo ndani yake haina njia ya kutoka. Kinachofanya kazi ni kile kilicho juu juu tu. Kwa hiyo usidanganyike na asilimia uliyoandika kwenye fomula, pima kinachotoka.

Tukumbuke pia kwamba sianoakrilati bila dawa yoyote ni kizuizi kizuri maadamu haijapasuka. Kwa jeraha safi, fupi, lisilovutwa, sioni sababu ya kuiongezea kitu.

Gundi za maji, ambako kuna nafasi ya kufanya kazi

Fibrini iliyotengenezwa kwa fibrinojeni na thrombini, protini zinazogandisha damu, ni laini kwa tishu kuliko gundi nyingine yoyote, ila ni dhaifu. Dawa inayoyeyuka majini huikimbia ndani ya siku moja au mbili, na ukiongeza chumvi nyingi pamoja na dawa, kuganda kunachelewa na nyuzi zinakuwa nyembamba. Kuna gundi za katekoli, zilizoigwa kutoka kwa kome anayejishikiza kwenye miamba ya bahari. Zinashika hata penye maji, lakini pH ikipanda katekoli inaoksidika kuwa kwinoni, rangi inageuka kahawia, na nguvu ya kushika inapotea kabla hujaitumia. Ziweke chini ya pH 5 na mbali na oksijeni mpaka dakika ya matumizi.

Haidrojeli (jeli iliyojaa maji) ya kitosani, polima inayotokana na magamba ya kamba na kaa, na dekstrani, mnyororo mrefu wa sukari, yenye vikundi vya aldehaidi ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza utafiti huu, kwa sababu malighafi zinapatikana, kemia yake inapimika kwa vifaa vya kawaida, na makosa yake yanaonekana kwa macho. Aldehaidi za dekstrani zinaungana na amino za kitosani na kufanya jeli; aldehaidi zinazobaki zinaungana na amino za protini za ngozi, na hapo ndipo inaposhika. Dawa tutakayotumia ni epsiloni-polilisini, mnyororo mfupi wa lisini 25 hadi 35 unaotengenezwa na bakteria Streptomyces albulus, unaotumika Japani kama kihifadhi cha chakula. Chaji zake chanya zinararua utando wa bakteria.

Anza na dekstrani. Yeyusha gramu 10 za dekstrani ya kilodaltoni 70 (kipimo cha uzito wa molekuli) katika mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. Funga chombo kwa karatasi ya alumini, maana periodeti huharibiwa na mwanga. Yeyusha gramu 3.3 za sodiamu periodeti katika mililita 30 za maji, uidondoshe polepole huku ukikoroga, kisha iache saa 4 katika joto la chumba. Kiasi hicho kinalenga kufungua robo ya sukari zote za mnyororo. Ongeza mililita 1 ya ethilini glikoli ili kumaliza periodeti iliyobaki, uache saa nzima. Hapa wengi hawajui kilichotokea: periodeti ikivunja ethilini glikoli inazaa fomaldehaidi. Kwa hiyo kusafisha kwa dayalisisi, yaani kuloweka katika mfuko unaopitisha molekuli ndogo tu, si hatua ya kupunguza siku. Tumia mfuko wa kilodaltoni 3.5, siku 3, ukibadilisha maji asubuhi na jioni, na usiache mpaka tone la naitreti ya fedha kwenye maji ya nje lisilete mashapo. Kisha kausha kwa kugandisha.

Poda inayopatikana ni nyeupe na nyepesi. Ikikaa miezi, aldehaidi zake hushikana na haidroksili za jirani na poda inakuwa ngumu kuyeyuka. Ihifadhi kwenye baridi, pakavu, na uipime tena kabla ya kila kundi la kazi.

Kuipima ni rahisi. Weka gramu 0.1 katika mililita 25 za haidroksilamini haidrokloridi ya molari 0.25 iliyorekebishwa hadi pH 4. Kila aldehaidi inayoungana inaachia molekuli moja ya asidi. Baada ya saa 2, titresha, yaani dondosha huku ukipima, kwa sodiamu haidroksidi ya molari 0.1 hadi pH irudi pale ilipoanzia, ukiwa na sampuli tupu pembeni ya kulinganishia. Zikitumika mililita 2.5, una milimoli 2.5 (kipimo cha idadi ya molekuli au vikundi) za aldehaidi kwa kila gramu. Kinadharia tulilenga 3.1. Pengo hilo ni la kawaida, na ndiyo sababu huwezi kutumia namba ya kwenye karatasi.

Kitosani nayo: gramu 2 zenye kiwango cha kuondolewa asetili cha asilimia 85, katika mililita 100 za asidi asetiki ya asilimia 1, ukikoroga usiku kucha. Pitisha kwenye wavu wa nailoni kuondoa nyuzi zisizoyeyuka, kisha zungusha kwenye mashinepewa, ile inayozungusha kwa kasi sana, ili kutoa mapovu. Povu moja kwenye sirinji linaharibu uwiano wa gundi nzima. Kwenye asidi hii amino karibu zote zimeshika protoni na haziungani na aldehaidi kwa kasi, kwa hiyo pandisha pH hadi 5.8 au 6.0. Fanya hivyo kwa sodiamu baikaboneti baridi iliyopunguzwa nguvu, tone kwa tone, ukikoroga kwa kasi. Ukiharakisha, mahali tone linapoangukia pH inapita 6.5, nyuzi nyeupe zinatokea papo hapo, na hizo kuziyeyusha tena ni kazi. Ukiziona, mwaga uanze upya.

Hesabu ya amino

Sasa tuweke kila kitu mezani. Mililita moja ya kitosani ya asilimia 2 ina miligramu 20, sawa na milimoli 0.10 za amino. Ukiongeza miligramu 10 za epsiloni-polilisini, unaongeza milimoli 0.078. Jumla ni karibu 0.18. Upande wa pili, mililita moja ya dekstrani ya miligramu 50 ina milimoli 0.125 za aldehaidi. Yaani kuna aldehaidi 7 kwa kila amino 10.

Tafakari maana yake. Aldehaidi 7 hizo zinatakiwa kufunga jeli, kushika ngozi, na wakati huohuo kuiacha polilisini ikiwa huru ya kutosha kuua. Katika pH 6 polilisini inashikilia protoni zake kuliko kitosani, kwa hiyo mwanzoni kitosani ndiyo inayoungana zaidi. Lakini majimaji ya jeraha yana pH karibu 7.4. Jeli ikilowa, pH inapanda, na aldehaidi zinaanza kuila polilisini. Ndiyo sababu sampuli inayoua vizuri saa ya kwanza inaweza kulegea baada ya saa 24 bila dawa kutoka nje hata kidogo. Anayepima mara moja tu hawezi kuliona hilo.

Ukipandisha polilisini hadi miligramu 20 kwa mililita, amino zinafika 0.256 na aldehaidi zinakuwa nusu yake tu. Kuua kunaongezeka, kushika kunaanguka. Ukijibu kwa kupandisha dekstrani hadi miligramu 80, aldehaidi zinakuwa 0.20 na kushika kunarudi, ila sasa aldehaidi huru zinaziua fibroblasti, zile chembe unazozitegemea kuponya jeraha. Andaa michanganyiko 9, viwango vitatu vya polilisini kwa vitatu vya dekstrani, uipime yote kwa kushika, kuua na usalama wa chembe. Usiboreshe kipimo kimoja kwanza ukitegemea vingine vitafuata.

Kosa moja dogo linaloharibu hesabu yote: polilisini huuzwa mara nyingi ikiwa chumvi ya haidrokloridi. Hapo gramu moja ina milimoli 6.1 za amino badala ya 7.8, na miligramu 10 zinakupa 0.061. Soma lebo ya chupa.

Kwa mwenye muda, kuna njia ninayoipenda zaidi: kuiwekea kitosani vikundi vya amoniamu ya kuaternari kwenye sehemu ya amino zake, tuseme asilimia 20 hadi 40. Nitrojeni ya namna hiyo ina chaji ya kudumu, inaua bakteria katika pH yoyote, na haiwezi kuungana na aldehaidi. Amino zilizobaki zinafanya kazi ya kushika. Mashindano yanaisha kwa sababu kila kazi ina kikundi chake. Sharti ni kusafisha sana, maana epoksidi inayotumika kuvipandikiza ni sumu, na usitumie minyororo mirefu ya kaboni kwenye nitrojeni hiyo. Inaua zaidi lakini inapasua pia chembe nyekundu za damu.

Antibiotiki za kumeza au za kuchoma mshipani nisingeziweka kabisa. Gundi inaachia dawa nyingi siku za mwanzo, kisha mkia mrefu wa kiwango kidogo kisichoua. Mkia huo ni shule ya usugu. Kwa jeraha la upasuaji lililofungwa, hatari kubwa iko wakati wa upasuaji wenyewe na saa 48 za mwanzo, kabla ngozi ya juu haijajiziba. Dawa ifanye kazi siku 2 hadi 5, kisha iishe kabisa. Kujisifia gundi inayoachia dawa kwa mwezi ni kujisifia kasoro.

Ayoni za madini ya fedha nazo zinapendwa, lakini zinakutana na kloridi na albumini za majimaji ya jeraha na sehemu kubwa inakamatwa kabla ya kufika kwa bakteria. Ukitaka kuzitumia, zipime ndani ya seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, si ndani ya maji matupu.

Kupima kushika

Tumia ngozi ya nguruwe iliyonyolewa na kuondolewa mafuta yote, ikatwe vipande vya upana wa sentimita 2.5. Vipande viwili vilaliane sentimita 1, gundi katikati, uzito mdogo uleule juu ya kila sampuli, kisha vivutwe kwa milimita 5 kwa dakika. Gundi ikiachia kwa nguvu ya nyutoni 5, eneo likiwa sentimita mraba 2.5, umepata kilopaskali 20. Fanya sampuli 10 kwa kila mchanganyiko; ngozi hutofautiana mno, na sampuli 3 hazikuambii chochote.

Ngozi iliyotoka kwenye jokofu la kugandisha huwa na maji juu. Ifute kwa namna ileile kila mara, kwa chachi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa. Andika upande uliotumia, kwa sababu gundi inayotegemea amino inashika dermisi, tabaka la ndani la ngozi, vizuri kuliko ngozi ya juu yenye mafuta. Hilo peke yake limewafanya wengi watangaze namba nzuri kwa gundi ambayo kwenye ngozi ya nje inabanduka.

Na baada ya kila mvuto, tazama palipoachia. Kamba hukatikia pembamba: jeli ikipasuka katikati na kuacha tabaka pande zote mbili, tatizo ni uimara wa jeli yenyewe, ongeza viungo vya ndani, yaani vifungo kati ya minyororo. Ikibanduka upande mmoja ikiwa nzima, tatizo ni mshiko, na kuongeza viungo vya ndani kutakuharibia zaidi kwa kuwa unazidi kula aldehaidi zinazohitajika ngozini. Dalili mbili, tiba zinazopingana. Piga picha ya kila sampuli. Kisha rudia jaribio zima kwa sampuli zilizokaa saa 24 katika unyevu wa nyuzi joto 37, ukipima na kiasi ilichovimba.

Kupima kuua bila kujidanganya

Duara lisilo na bakteria kuzunguka kipande cha gundi kwenye sahani ya agari, jeli ya kukuzia bakteria, ni picha ya kuvutia, lakini linapima jinsi dawa inavyosafiri katika agari. Dawa iliyofungwa kwenye polima haitoi duara hata kama inaua kila kinachoigusa. Tumia jaribio la kugusana. Kwa utando ulioganda, kata kipande cha milimita 50 kwa 50, weka mililita 0.4 za bakteria karibu laki 6 kwa mililita, funika kwa plastiki ya milimita 40 kwa 40 ili majimaji yatandazike, acha saa 24 katika nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 90, kisha oshea katika mililita 10 za mchuzi wa maabara wa bakteria na uhesabu makoloni, yaani vikundi vya bakteria vinavyoota kwenye sahani. Staphylococcus aureus na Escherichia coli ni lazima. Ongeza Pseudomonas aeruginosa, maana ndiye anayeumbua dawa nyingi.

Ndani ya mchuzi huo wa kuoshea lazima kuwe na kitu cha kuzima dawa: lesithini na polisobeti 80 kwa dawa zenye chaji chanya, thiosalfeti kwa iodini, thioglikoleti kwa fedha. Bila hivyo dawa inaandamana na bakteria hadi kwenye sahani na kuendelea kuwaua huko. Unahesabu sifuri, unasherehekea, kumbe bakteria waliuawa saa 20 baada ya jaribio kwisha.

Jeli zina mtego wa ziada. Jeli laini inawanasa bakteria wakiwa hai. Ukiosha, hawatoki, ukihesabu, wamepungua, na unaandika kwamba wamekufa. Kwa hiyo kila mara uwe na jeli ileile isiyo na dawa, na uhesabu pia kwa muda sifuri: weka bakteria, oshea papo hapo. Ukiwapata nusu tu ya uliowaweka, njia yako ya kuosha ni mbovu. Ponda jeli, itikise kwa shanga za kioo, mpaka kipimo cha muda sifuri kirudishe karibu wote. Mwisho, rudia kila kitu bakteria wakiwa ndani ya seramu ya asilimia 50. Protini za seramu huzima polima zenye chaji chanya kwa kiasi kinachosikitisha, na jeraha halina maji matupu.

Usalama wa chembe unapimwa kwa maji yaliyoloweka gundi saa 24 katika nyuzi 37, yakawekewa fibroblasti. Zikibaki hai chini ya asilimia 70 gundi inahesabiwa kuwa na sumu. Jeli kavu inafyonza maji hayo, kwa hiyo ongeza kiasi kilichofyonzwa la sivyo unapima myeyuko mzito kuliko halisi. Na kama gundi yako ina katekoli, usitumie peke yake rangi ya MTT, ambayo hubadilika penye chembe hai: katekoli inaibadilisha rangi hiyo yenyewe, na chembe zilizokufa zitaonekana hai.

Kutakasa na kufungasha

Hapa ndipo fomula nyingi nzuri zinapokwama, kwa kuwa watu huliacha swali hili mwisho. Miale ya gama ya kilogrei 25 inakata minyororo ya kitosani na dekstrani, na mnato unashuka. Ethilini oksidi inaungana na amino ulizozihesabu kwa uangalifu wote ule. Mvuke wa nyuzi 121 unaigeuza dekstrani yenye aldehaidi kuwa kahawia. Njia inayobaki ni kuchuja dekstrani kwa chujio la mikromita 0.22, kutakasa kitosani peke yake kwa mvuke ukikubali kupoteza sehemu ya mnato na kuifidia tangu mwanzo, na kujaza sirinji katika mazingira safi. Kisha pima sumu za bakteria waliokufa, ukijua kwamba kitosani inazishika na inaweza kuzificha kwenye kipimo.

Upande wa sheria, dawa ikishaingia kwenye gundi, kifaa kinabadilika daraja. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya 2017/745 inakipeleka kifaa chenye dawa ndani yake kwenye daraja la III, la juu kabisa. Ukiwaza kuuza, andika tangu siku ya kwanza kwa nini dawa imo na ni kiasi gani kidogo kinachotosha.

Sirinji iwe ya mapipa mawili yenye ncha ya kuchanganyia. Polilisini ikae pipa la kitosani, kamwe si la dekstrani. Mnato wa pande mbili ukaribiane, vinginevyo upande mwepesi unatangulia na uwiano wa 1 kwa 1 unabaki jina tu. Lenga kuganda kwa sekunde 15 hadi 40. Ikiganda chini ya sekunde 10 ncha inaziba kila mpasuaji anapositisha mkono. Ikizidi dakika inatiririka. Joto la chumba cha upasuaji huwa chini ya lile la maabara, kwa hiyo pima muda huo katika nyuzi 18 pia.

Kwenye jeraha, mvuto uondolewe kwanza kwa nyuzi za ndani. Hakuna gundi ya ngozi inayopaswa kubeba mvuto wa goti linalokunjwa. Kingo zikutanishwe na kuinuliwa kidogo, damu ikaushwe, gundi itandazwe nyembamba hadi nusu sentimita kila upande, na kingo zishikiliwe dakika nzima bila kuchungulia. Matone mawili ya kwanza kutoka kwenye ncha yaangushwe kwenye chachi, kwa kuwa pistoni mbili huwa hazijaanza kusukuma kwa pamoja.